Mipangilio ya mfumo wa wavuti ikae wapi: ndani ya msimbo, kwenye faili la mazingira, au kwenye hifadhidata?

Mleta uzi, Mtwara Mjini

Wakuu, habari za mchana. Nimekabidhiwa mfumo wa wavuti wa chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho wilayani Tandahimba. Aliuandika mtu mwingine miaka kadhaa iliyopita, nami natakiwa kuuweka sawa kabla minada haijaanza. Umeandikwa kwa lugha ya PHP juu ya Laravel (kiunzi cha kujengea mifumo ya wavuti), na kazi yake si ngumu kuieleza: karani anapima magunia, anaandika kilo na daraja, mkulima anapewa stakabadhi, na baada ya mnada mfumo unazidisha kilo kwa bei, unaondoa makato na kuandaa orodha ya malipo ya benki.

Nilipoufungua nilikuta kiwango cha makato ya chama kimeandikwa kama tarakimu tupu mahali saba, kuanzia kwenye stakabadhi hadi ndani ya kiolezo cha ujumbe anaotumiwa mkulima. Mahali sita palilingana. Pa saba, ambapo ni ripoti inayosomwa mbele ya mkutano mkuu, palikuwa bado na kiwango cha msimu wa nyuma. Nenosiri la hifadhidata nalo lilikuwa humo humo ndani ya msimbo, katika faili moja na jina la chama na rangi ya kichwa cha ukurasa.

Wengi wetu tukiulizwa mipangilio ikae wapi tunajibu kwa kutaja chombo: huyu anasema faili la `.env` (ndilo faili la mazingira), yule anasema jedwali la hifadhidata, mwingine anasema YAML (namna ya kuandika mipangilio katika faili la maandishi). Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba chombo ni jambo la baadaye, na kwamba kwanza tuulize ni nani atakayekibadilisha kitu hicho, na atakibadilisha lini. Nenosiri la hifadhidata linabadilishwa na mtu wa seva, siku seva inapohama au siri inapovuja. Orodha ya madaraja ya korosho inabadilishwa na mwandishi wa programu, kwa sababu daraja likiongezeka, fomu na hesabu lazima ziongezeke nalo. Kiwango cha makato kinaamuliwa na mkutano wa wanachama na kuingizwa na katibu, ambaye haijui Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) na hana sababu ya kulazimishwa kuijua. Aliyeviweka vyote katika faili moja alitia ufunguo wa ghala, daftari la mizani na muhuri wa katibu katika droo moja isiyo na kitasa.

Anayedhani kwamba viwango vya namna hii havibadiliki akumbuke Kodi ya Ongezeko la Thamani ilivyoshuka kutoka asilimia 20 hadi 18 mwaka 2009, na ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ulivyoshuka kutoka asilimia 5 hadi 3 mwaka 2017. Kila aliyekuwa ameiandika tarakimu ile ndani ya msimbo alilazimika kuitafuta ukurasa baada ya ukurasa.

Naomba maoni ya walioyapitia haya, hasa wanaopinga.

Mchangiaji kutoka Lindi Mjini

Ndugu mleta uzi, kuhusu nenosiri sina ubishi nawe. Kuhusu hifadhidata nakuomba uende taratibu, kwa sababu mimi nimeungua huko.

Niliwahi kutunza mfumo wa ada ambao mwandishi wake aliamini kwamba kila kitu kiweze kubadilishwa na mtumiaji. Akatengeneza jedwali la mipangilio lenye safu mbili, jina na thamani. Nilipolikuta lilikuwa limejaa majina ambayo hakuna aliyejua kama bado yanatumika. Kulikuwa na `kikomo_cha_ada` na kulikuwa na `kikomo_ada`; mhasibu alibadilisha cha kwanza wakati msimbo ukisoma cha pili, akashinda siku nzima akiamini kwamba mfumo umekufa. Hakuna aliyeweza kusema nani alibadilisha nini na kwa sababu gani, kwa kuwa thamani mpya ilifuta ya zamani bila kuacha alama.

Linganisha na faili moja la msimbo lenye viwango vyote, kila kimoja na jina lake na maelezo ya mstari mmoja. Ukikosea jina, programu inakataa mara moja. Ukibadilisha thamani, Git inaandika siku, mtu na sababu, na majaribio yanapita kabla badiliko halijafika kwenye seva ya kazi. Kosa la mfumo uliokabidhiwa, kwa maoni yangu, halikuwa kuweka kiwango ndani ya msimbo. Lilikuwa kukiweka mara saba. Kitu kinachobadilika mara moja kwa mwaka hakihitaji ukurasa wa kukibadilishia. Kinahitaji simu moja kwa mtu anayejua.

Mleta uzi

Simu hiyo naijua vizuri. Katika mfumo mwingine ninaoutunza nilipigiwa nikiwa msibani Newala, mtandao ukipatikana upande mmoja tu wa ua, nikabadilisha tarakimu kwa simu ya mkononi huku wazee wakinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Hata hivyo hoja yako ya jina na thamani naipokea yote. Jedwali la namna hiyo ni ghala lisilo na daftari, na sitalitumia.

Mchangiaji kutoka Masasi

Niongezee upande ambao wengi wetu huku wilayani ndiko tuliko, yaani seva za kukodi za pamoja, zile zinazosimamiwa kwa ukurasa wa cPanel, ambazo tovuti kumi hadi mia zinakaa mashine moja.

Laravel imepangwa ili saraka ya `public` peke yake ionekane kwa wageni, na faili la `.env` libaki ngazi moja juu yake. Mtu akikosa namna ya kuelekeza domeini kwenye `public`, anamwaga mradi wote ndani ya `public_html`, na tangu dakika hiyo yeyote anayeandika anwani ya tovuti ikifuatiwa na `/.env` anasomewa nenosiri la hifadhidata na ufunguo wa malipo kama gazeti. Hilo si jambo la kufikirika. Fungua kumbukumbu za seva yoyote iliyoko hewani ujionee jinsi mashine za watu zinavyoligonga jina hilo usiku na mchana.

Kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti, mtego ni mwingine. Mipangilio iko katika `wp-config.php`, na kwa kuwa ni PHP, seva huitekeleza badala ya kuionyesha, kwa hiyo mgeni anaona ukurasa mweupe. Lakini mtu anapotaka kulihariri faili hilo, kwa nia njema anatengeneza nakala na kuiita `wp-config.php.bak`. Seva haioni tena PHP hapo. Inaona maandishi, na inayatoa jinsi yalivyo. Nimeikuta nakala ya namna hiyo kwenye tovuti tatu tofauti nilizoitwa kuzirekebisha. Wasichokijua wengi ni kwamba WordPress yenyewe inakubali `wp-config.php` ipandishwe ngazi moja juu ya saraka ya tovuti, na ikifanyiwa hivyo italisoma huko bila kuambiwa.

Mchangiaji, mwanafunzi, Mtwara

Shikamooni wakubwa zangu. Niliweka nenosiri la hifadhidata na `SECRET_KEY` katika `settings.py` ya mradi wangu wa Django (kiunzi cha wavuti cha lugha ya Python), nikaupandisha GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya Git, ukiwa wazi kwa kila mtu. Baadaye niliona kosa, nikayafuta na kupandisha tena. Je, nimesalimika?

Mchangiaji kutoka Masasi

Marahaba. Hujasalimika, kwa sababu Git hutunza kila toleo lililopita, na yeyote anayeunakili mradi wako anapata na jana yake. Anza kwa kubadilisha nenosiri lenyewe, leo, kabla ya kuhangaika na kusafisha historia kwa `git filter-repo`. Wengi hufanya kinyume: wanakesha wakisafisha, wakati siri imekwisha kuchukuliwa na mashine zinazopekua miradi ya wazi. Ukishalibadilisha, historia itabaki na ufunguo wa mlango usiokuwepo. `SECRET_KEY` nayo ibadilishe, maana ndiyo Django inayotumia kutia saini vidakuzi na viungo vya kurejesha nenosiri. Watumiaji wako wote watatolewa nje na kulazimika kuingia upya. Waombe radhi na uendelee.

Mchangiaji kutoka Nachingwea

Ninaandika Python, na nina neno moja kuhusu aina za thamani, kwa kuwa naona tunajadili mahali pa kuweka mipangilio kana kwamba mahali hapo hapabadilishi kilichowekwa.

Vigeu vya mazingira, yaani majina na thamani ambazo programu hupewa kutoka nje ya msimbo wake, havijui namba wala kweli na si kweli. Kila kilichomo ni maandishi. Mtu anaandika `DEBUG=False` kwenye faili la mazingira, kisha katika Django anasoma thamani hiyo moja kwa moja. Kwa Python, maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli, na "False" ni herufi tano. Matokeo yake, mwenye mfumo anaamini kwamba amezima ukurasa wa makosa, ilhali mgeni akipata kosa anaonyeshwa vipande vya msimbo na thamani zilizokuwa zikitumika. Laravel imemsaidia mtumiaji hapo, kwani `env()` yake huyageuza maneno hayo, lakini ukisoma kwa `getenv` ya PHP tupu utarudi pale pale.

Mfano wa pili ni wa kwetu kabisa. Namba ya eneo ya simu za mezani za Mtwara na Lindi ni 023. Iandike hivyo bila alama za kunukuu katika faili la YAML linalosomwa kwa kanuni za toleo la 1.1, ambalo ndilo PyYAML, maktaba ya Python ya kusomea YAML, inalolifuata, nawe utapokea 19, kwa sababu sifuri ya mbele inaifanya ihesabiwe kwa msingi wa nane: mbili mara nane, jumlisha tatu. Iandike katika PHP kama namba, utapata 19 vilevile. JSON na TOML, namna nyingine za kuandika mafaili kama hayo, zitakataa kulisoma faili, na mimi namheshimu anayekataa kuliko anayebuni. Nilipoteza mchana mzima nikitafuta ni nani aliyebadilisha namba za simu za wateja, na hakuwepo. Toleo hilo hilo la YAML huigeuza `NO`, alama ya nchi ya Norwei, kuwa si kweli, na kichekesho hicho kimewapata wengi duniani.

Dawa ninayotumia ni kuwa na sehemu moja tu ya programu inayosoma mipangilio yote, mara moja, wakati wa kuwaka. Inageuza kila thamani kuwa ya aina yake, na kikikosekana kimoja inakataa kuwaka na kutaja jina la kilichokosekana. Sitaki thamani za akiba kwa vitu nyeti. Programu iliyokosa anwani ya hifadhidata ikajichagulia ya mashine yenyewe ni hatari kuliko iliyogoma.

Mchangiaji kutoka Mikindani

Sifa za vigeu vya mazingira zilienea sana baada ya kanuni 12 za programu za wavuti alizoziandika Adam Wiggins wa Heroku, kampuni ya kuendeshea programu za wavuti, mwaka 2011. Vigeu vyenyewe ni vya kale, vimo ndani ya Unix tangu toleo la 7 la mwaka 1979. Kipimo alichokitoa bado nakipenda: je, unaweza kuuweka msimbo wako wote hadharani dakika hii bila siri yoyote kutoka nje? Ukisita kujibu, mipangilio yako haijatengana na msimbo.

Ila tusiwafundishe wadogo zetu kwamba kigeu cha mazingira ni sanduku la siri. Kinarithiwa na kila programu ndogo inayozaliwa na programu yako. Katika Linux kinasomeka kupitia `/proc`, saraka inayoonyesha programu zinazoendelea, na mtumiaji yule yule anayeiendesha programu. Ukurasa mmoja wa `phpinfo()`, unaoorodhesha mipangilio ya PHP, uliosahaulika unakianika. Kwenye seva yangu siri ziko katika faili lililo nje kabisa ya mradi, linalosomwa na systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux) kwa `EnvironmentFile`, likiwa na ruhusa 600, yaani mwenyewe tu ndiye anayelisoma na kuliandika, na mwenyewe ni root, msimamizi mkuu wa mashine. Wenye systemd ya toleo la 247 na kuendelea wana `LoadCredential`, ambayo huikabidhi huduma siri kama faili badala ya kigeu, nami naanza kuhamia huko.

Kuna wanaoshauri tutumie huduma za mbali za kutunzia siri. Kwa kampuni yenye watumishi mia nakubali. Kwa seva iliyoko ofisini kwenye mtandao wa ndani, hapa kwetu, naomba tufikiri mara mbili. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nilikuwa na mfumo mmoja ambao kila kitu chake kilikuwa ndani ya jengo, isipokuwa ulitaka kuchota mipangilio yake ng'ambo kila unapowaka. Umeme ulikatika kidogo, seva ikazima, ikarudi, na mfumo haukurudi. Watu walikaa mita tano kutoka kwenye data yao bila kuweza kuiona.

Mleta uzi

Ahsanteni sana. Niwaeleze nilipofika, pamoja na shimo moja nililotumbukia wiki hii.

Siri zimehamia kwenye faili la mazingira lililo nje ya saraka inayoonekana, na ndani ya Git limebaki faili la mfano lenye majina matupu bila thamani, ili atakayenirithi ajue anachotakiwa kujaza. Vitu vya mwandishi wa programu, kama orodha ya madaraja na mpangilio wa namba za stakabadhi, vimebaki katika saraka ya `config` ndani ya msimbo, kama alivyoshauri mchangiaji wa Lindi. Humo nimeweka pia saa za eneo. Laravel huja ikiwa kwenye UTC, saa za kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo gunia lililopimwa kati ya saa sita na saa tisa usiku, kama inavyotokea msimu unapochemka na malori yakiwa kwenye foleni, lilikuwa likiandikwa tarehe ya jana. Sasa ni `Africa/Dar_es_Salaam`, na hilo sitampa mtu yeyote kitufe cha kulibadilisha.

Shimo ni hili. Nilikuwa nimetumia `env()` katikati ya msimbo, mahali pawili, kusoma anwani ya kutuma ujumbe mfupi. Kwenye kompyuta yangu ilifanya kazi. Kwenye seva ya kazi nilipoendesha `php artisan config:cache`, amri inayokusanya mipangilio yote katika faili moja (kache), ili mfumo uwe mwepesi, ujumbe ukaacha kwenda. Baada ya kache hiyo kutengenezwa Laravel hailisomi tena faili la `.env`, na `env()` iliyo nje ya saraka ya `config` inarudisha utupu. Limeandikwa wazi katika maelekezo yao, nami nililipita kama mtu anayepita kibao cha barabara anayoamini anaijua. Thamani isomwe ndani ya `config`, na msimbo mwingine wote uulize `config()`.

Makato ndiyo yaliyonichukua muda. Nimeyaweka kwenye hifadhidata, si kwa jina na thamani, bali katika jedwali lake lenye aina ya makato, kiwango, tarehe ya kuanza kutumika, tarehe ya kuingizwa, aliyeingiza, na namba ya muhtasari wa mkutano ulioidhinisha. Hakuna mstari unaobadilishwa wala kufutwa. Kiwango kipya ni mstari mpya. Hesabu inatafuta mstari uliokuwa ukitumika siku ya mnada, na kila malipo yanapoandikwa yanabeba kiwango kilichotumika, ili stakabadhi ikichapishwa tena miaka mitatu baadaye itoke ilivyotoka siku ile.

Mchangiaji kutoka Lindi Mjini

Hapo umenipata nusu. Jedwali lenye tarehe na jina la aliyeingiza si lile lililoniunguza, kwa kuwa limebeba historia yake kama Git inavyobeba.

Nusu iliyobaki ni hii. Katika msimu wa 2018/2019 Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, nje ya utaratibu wa mnada tuliouzoea. Mfumo niliokuwa nao ulidai namba ya mnada kabla ya kukubali bei. Hakuna mpangilio ambao ungenisaidia, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba mnada wenyewe ni kitu kinachoweza kukosekana. Nilibadilisha msimbo, na ilikuwa haki kuubadilisha. Kwa hiyo usijisumbue kumtengenezea katibu vitufe vya mambo ambayo hayajawahi kutokea.

Nina swali pia. Mkutano ukikaa tarehe 20 Novemba ukaamua makato mapya yaanze tangu tarehe 1, na katikati hapo minada miwili imeshalipwa, mfumo wako utasema nini?

Mleta uzi

Swali hilo ndilo lililonifanya niweke tarehe mbili badala ya moja. Mstari utaingizwa tarehe 20 ukisema umeanza kutumika tarehe 1, na mfumo utaona kwamba kuna malipo yaliyokwisha kufanyika kwa kiwango cha zamani. Hautayagusa. Utatengeneza orodha ya tofauti kwa kila mkulima, katibu ataiidhinisha, na tofauti hiyo itaingia katika malipo yanayofuata kama mstari wake wenyewe.

Mchangiaji kutoka Lindi Mjini

Na mkulima ataisoma vipi?

Mleta uzi

Kwenye stakabadhi kutakuwa na maneno "marekebisho ya mnada uliopita", namba ya mnada huo, na kiwango cha kwanza na cha pili vikiwa bega kwa bega. Karani wa ghala ndiye aliyenichagulia maneno hayo. Mimi nilikuwa nimeandika "tofauti ya usanidi", akaniuliza nani huko kijijini atalielewa hilo. Jumamosi naupitisha mfumo mzima kwenye data ya msimu uliopita, nikianza na ile ripoti ya mkutano mkuu, nione ilikuwa imepotoka kwa shilingi ngapi.